Kigelegele Kilichobaki Uingereza

Nyumbani kwa Mkunga, mwenye kutikisa finjani alikuwa ametoa hukumu. Kila mtu Maskati anajua kwamba mgeni asiyetaka kahawa zaidi huitikisa finjani yake kidogo kabla ya kuirudisha, na asiyeitikisa humiminiwa nyingine, na nyingine tena, mpaka moyo umwende mbio. Mkunga aliichukua ada hiyo akaitia kwenye muziki. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, alituketisha sebuleni, akatumiminia kahawa yenye iliki, akaweka sahani ya santuri kwenye gramafoni na kushusha sindano. Wimbo ukituchosha, tulitikisa. Wakitikisa wengi, sindano ilinyanyuliwa bila huruma ikapelekwa kwenye wimbo unaofuata. Ule ambao hakuna aliyeutikisia aliutilia nukta ya hina kwenye jalada. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "mzuri" wala "mbaya".

"Mdomo una adabu nyingi," alisema. "Mkono haujui kudanganya."

Na muziki wenyewe haukuwa ule ambao ungetarajia kuusikia Amerat, nyuma ya vilima, katika mtaa wa familia zetu zinazosema Kiswahili jikoni na Kiarabu mlangoni. Ulikuwa wa Waingereza: nyimbo za kienyeji za kwao, za kale, zilizotiwa gita la umeme, na ile roki ya njozi ambayo gita hupindapinda kama linapigwa ndani ya mtungi wa maji, filimbi inapita, na mtu anasimulia kwa sauti ya usingizi habari za msitu wenye macho. Wale waliotajirika kwa muziki huo hakuwa na haja nao. Aliwapenda wa chini kwa chini, vijana waliorekodi wimbo mmoja au miwili, wakachapisha sahani chache za kugawia marafiki, redio zikawapuuza, wakatawanyika na kuwa walimu, mafundi bomba, wafugaji wa kondoo. Miaka ikapita. Kisha wakaja vijana wengine, wapekuzi, wakaingia maghalani na kwenye vyumba vya darini vya marehemu, wakazitoa nyimbo hizo vumbini na kuzikusanya, wageni kwa wageni, kwenye sahani moja yenye jalada la rangi za kuumiza macho. Mikusanyiko hiyo ndiyo aliyoiagiza Mkunga kwa simu yake, kwa kidole gumba, na gari la vifurushi likaileta mpaka mlangoni.

"Mtoto mwengine huzaliwa kimya," aliniambia siku nilipomuuliza ameona nini humo. "Asiyejua humfunika. Mie nnampangusa, nnamsugua mgongo, nnamngoja. Basi nyimbo hizi zilizaliwa kimya. Hawa vijana wanaozikusanya ni wakunga wenzangu."

Jina lake ninalijua, lakini kulitumia hapa kungekuwa kama kumwita mama yako kwa jina mbele za watu. Sote tulimwita Mkunga, hata mwenye duka wa pembeni ambaye hakuwa na mtoto wala mke. Alikozaliwa, na ukoo wake, waulizwe wanaohifadhi nasaba. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kazi yake ilikuwa kuzaliwa kwa watu wengine. Mimi nilizaliwa mikononi mwake. Nilipokuwa sekondari, na kuanza kuandika hadithi zilizojaa mvua ambayo sijawahi kuiona, nilivuka barabara kwenda kumsikiliza, na sikuacha.

Alikuwa mkali. Hakustahimili mlio wa kiti kinachoburuzwa, ila gita lililokuwa likipiga mayowe kama paka aliyebanwa mlangoni lilimfanya afumbe macho na kutabasamu. Adhana ikianza alinyanyua sindano hata kama mwimbaji alikuwa katikati ya neno, na mwezi wa Ramadhani gramafoni ilifunikwa kanga na kuwekewa tasbihi juu, kama mtu aliyejitenga kwa itikafu. Chakula cha Uingereza alikisema vibaya kuliko alivyomsema mtu yeyote aliye hai. Baridi ya kule, alisema, ilikuwa inaingia mfupani bila kupiga hodi. Lakini waimbaji wake wakianza kulalamikia mvua, aliwatetea.

"Masikini, tazama, wanalia kwa sababu ya mvua! Sie huku tunaiombea sala. Kila mtu na msiba wake."

Mara moja alialikwa Qurum, kwa mhandisi mmoja mstaafu mwenye jumba karibu na ufukwe, naye pia mkusanyaji. Nilimpeleka mimi, kwa sababu alitaka mtu wa kumwendesha huku akikosoa ninavyoendesha. Mhandisi alitufungulia kabati la kioo lenye taa ndani. Humo ilisimama sahani ya asili ya kundi fulani, mojawapo ya chache zilizosalia duniani, safi kama jino la mtoto.

"Inatoa sauti gani?" Mkunga akauliza.

"Haijapigwa hata mara moja," mhandisi akasema kwa fahari. "Ukishaipiga, inaharibika thamani."

Mkunga aliitazama kwa muda, kama anayetazama mgonjwa. "Bwana mkubwa," akasema, "umemzaa mtoto ukamziba mdomo." Kisha akaomba kahawa, na alipomaliza alitikisa finjani mara nyingi zaidi ya inavyohitajika.

Njiani kurudi alicheka mpaka akalegeza buibui. Aliniambia kwamba sahani ya kundi moja, hata iwe adimu vipi, ni mtu anayezungumza peke yake. Mkusanyiko ni karamu. Humjui aliyeketi kulia kwako, wala yeye hajui alifikaje, na bado mnalishwa sinia moja. Nimewahi kusoma mengi juu ya watu wetu waliotawanyika pwani hizi mbili, ya Omani na ya Afrika Mashariki. Sijasoma sentensi iliyonikaa kama hiyo, aliyoisema huku akinikemea nipunguze mwendo kwenye mteremko.

Lakini alikuwa na sababu nyingine ya kununua mikusanyiko. Hakuwa ameificha. Aliisimulia kwa kila mgeni mpya, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyeishi naye nyumba moja, aliipinga kila mara.

Akiwa bado msichana, mwanafunzi wa ukunga, Mkunga alipelekwa Uingereza kusoma. Jumamosi moja mwenzake wa bwenini alimchukua kwenda ukumbi wa kanisa moja la kijijini, ambako kaka yake na rafiki zake walikuwa wakirekodi. Kulikuwa na fidla, gita la umeme, kengele ndogondogo, na kijana mwenye ndevu aliyepiga sufuria kwa vijiko viwili. Wakamwambia Mkunga akae nyuma, avae koti lake, asitoe sauti. Wimbo ulikuwa mrefu, wa msichana anayetaka kuvuka mto kwenda kuolewa. Mto unamkatalia. Anaupa pete yake, bado. Anaupa viatu, bado. Anaupa mtandio, ubeti baada ya ubeti, mpaka mwisho mto unampisha, naye anafika ng'ambo kwa bwana harusi wake, miguu mitupu.

"Kafika," Mkunga alisimulia, mikono hewani. "Bibi harusi kafika, fidla inalia, na ukumbi mzima umekaa kimya kama matangani! Hamna hata mmoja wa kumpigia kigelegele. Wallahi niliona aibu kwa niaba yao. Nikasimama, nikampigia."

Vijana wale waliduwaa. Kisha yule wa vijiko akasema kiachwe humo humo. Wakachapisha sahani chache. Moja aliahidiwa yeye, lakini mitihani ikaja, watu wakahama, haikumfikia. Kundi lilikuwa bado linagombania jina lilipovunjika. Jina la wimbo hakuambiwa. Wapwa zake walitafuta mitandaoni wakarudi mikono mitupu, kwa maana utamtafutaje asiye na jina? Ikabaki njia moja: kununua kila mkusanyiko unaotoka, na kusikiliza wimbo baada ya wimbo mpaka sauti yake mwenyewe imjie.

"Uongo una miguu mirefu," wifi alisema kila hadithi ilipofika hapo. "Huu umevuka bahari."

"Wifi, wewe hata ndege hujawahi kuipanda."

"Na sitaki. Harusi yangu hukunipigia kigelegele hata kimoja, ukawapigie Wazungu kanisani? Nani ataamini?"

Hilo ndilo lililokuwa donda la nyumba ile, dogo, la miaka mingi, lililokunwa kila Ijumaa kwa raha. Siku ya harusi ya wifi, bibi harusi alipokuwa akiingia, Mkunga alikuwa ameitwa hospitali kwa uzazi mgumu. Mama na mtoto walipona. Wifi alijua hivyo, na alimpenda mtoto yule, ambaye sasa ni baba wa watu na humletea samaki kutoka kijiji cha Yiti. Lakini donda ni donda. Kwa ajili hiyo alihudhuria kila Ijumaa, akaketi karibu na mlango, na mara nyingine akatikisa finjani kabla sindano haijagusa sahani.

"Wifi, hata haujaanza!"

"Nnautikisia wa wiki ijayo."

Nilimuuliza Mkunga siku moja, tulipokuwa wawili, kama alitaka kuupata wimbo ili amnyamazishe wifi. Alikuwa akipangusa sahani kwa kitambaa laini, akizunguka taratibu kuanzia ukingoni.

"Akinyamaza nitachekeshwa na nani?" akasema. Akaendelea kupangusa. "Hakuna aliyenijibu, mwanangu. Nilipopiga, nikangoja. Kwetu ukipiga kigelegele hakiachwi kianguke chini, anakipokea mwenzio, na mwengine, mpaka kitoke nje ya mlango. Kule nilipiga, kikapanda darini, kikabaki huko. Kigelegele cha peke yake ni ukelele tu. Nnataka nikisikie mara moja, hapa, penye watu."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema maziwa yamekwisha. Ila nilikuwa nimeshaona anavyogeuza shingo tukizungumza naye. "Sikio la kushoto limefunga duka," alipenda kusema, "na la kulia linauza mali iliyobaki." Alikuwa ameanza kusikiliza kama alivyokuwa akisikiliza matumbo ya wajawazito: kiganja wazi kwenye spika, macho kwingine, akingoja pigo. Tangu hapo kila kifurushi kilichofika kilinitia wasiwasi kidogo.

Nilipopata kazi nikahamia Qurum, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama maegesho, na safari ya Amerat ikawa ya mwezi hadi mwezi. Mwishoni mwa majira ya joto alinipigia simu. Alizungumza kwa kelele, kama wafanyavyo wasiosikia wanapodhani ni sisi tusiosikia.

"Njoo Ijumaa! Kifurushi kimefika!"

Alisema hivyo kwa kila kifurushi. Nikapanda gari, nikavuka vilima.

Nilimkuta ameketi sakafuni, bega limeegemea spika, amepungua mwili lakini macho ni yale yale. Nikamwamkia. "Marahaba, marahaba, kaa. Umekonda. Huko Qurum mnakula hewa?" Wifi alikuwa mahali pake karibu na mlango. Neema, dada wa Tanga aliyefanya kazi katika nyumba hiyo, ndiye sasa aliyeshika sindano, kwa kuwa Mkunga hakuwa akiisikia vizuri ikigusa. Neema alikuwa na mkono mwepesi na alizijua sheria zote: wakitikisa wengi, nyanyua, akitikisa Mkunga, nyanyua hata kama ni peke yake, sahani ni zake.

Kulikuwa na sheria nyingine, kwamba maandishi ya jalada hayasomwi mpaka upande uishe. "Usimsome mtu kabla hajazungumza," alisema. Kwa hiyo sote hatukujua kilichokuwa kinakuja.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mtu na mwezi wake. Ukatikiswa. Wa pili ulikuwa na ngoma nzuri, lakini wifi alitikisa kwa kanuni, nami, nasikitika kusema, nilitikisa kwa sababu ya joto tu. Neema akapeleka sindano kwenye wa tatu, wa mwisho wa upande ule.

Ulianza kwa vijiko kwenye sufuria.

Fidla ikaingia, nyembamba, ikafuatwa na gita lenye ule mpindo wa ndani ya mtungi. Mwanamke akaanza kuimba kwa Kiingereza cha kale. Nilisikia neno mto. Nikamtazama Mkunga. Alikuwa amekibandika kiganja kwenye spika, na mkono mwingine umeshika finjani iliyojaa. Mwimbaji akatoa pete. Akatoa viatu. Na finjani ya Mkunga ikaanza kutetemeka, kahawa ikamwagika kwenye vidole vyake, ikatetemeka zaidi.

Neema akaona finjani inatikisika. Akanyanyua sindano.

Muziki ukakatika.

"Neema!" Mkunga alipaza sauti ambayo nadhani ilifika msikitini. "Neema mwanangu, unanizika hai! Rudisha!"

"Jamani Mama Mkunga, si umetikisa?"

"Sijatikisa! Mkono umetikisika wenyewe! Rudisha!"

"Nirudishe pale pale?"

"Toka mwanzo. Bibi harusi havukishwi mto kwa kurushwa."

Wifi alianza kucheka, kisha akaona uso wa Mkunga akaacha. Neema akashusha sindano. Vijiko. Fidla. Pete, viatu, mtandio. Mkunga alikuwa ameweka finjani chini na kugeuza sikio la kulia mpaka likagusa kitambaa cha spika. Mto ukampisha msichana. Fidla ikapanda peke yake, ikasimama juu ya kilele chake, na hapo, kutoka mbali, kutoka nyuma ya ukumbi baridi ambao hakuna kati yetu aliyeujua, kikaja kigelegele.

Kilikuwa cha msichana. Kilikuwa na nguvu na hofu kidogo. Katikati kilivunjika, kikashika tena, kikaenda mpaka mwisho wa pumzi.

Wimbo ukaisha. Neema alinyanyua sindano bila kuambiwa. Tulimtazama wifi, kwa kuwa yeye ndiye hakimu aliyebaki.

"Huyo ni weye," wifi akasema polepole. "Unakivunja katikati kama aliyekanyaga maji ya moto. Hivyo hivyo ulimpigia mwanangu wa kwanza, mie nimelala hoi, nikajisemea, huyu mwanamke hata kigelegele hajui." Akamgeukia Mkunga. "Kumbe wallahi ni kweli."

"Unasemaje?" Mkunga akauliza, mkono sikioni.

"Nnasema ni kweli!"

"Sisikii vizuri, sema tena!"

"Unasikia sana! Mwongo mkubwa!"

Nilichukua jalada ili nipate kitu cha kufanya na macho yangu. Nyuma, kwa herufi ndogo, wakusanyaji walikuwa wameeleza kila wimbo, nami nikawatafsiria. Huu ulitoka kwenye sahani iliyookotwa darini kwa marehemu mmoja, kundi halikujulikana. Sauti ya ajabu ya mwisho, waliandika, inaaminika ni ya mashine ya kielektroniki iliyotengenezwa na wanamuziki wenyewe, na hakuna aliyefanikiwa kuiunda tena.

Kisha Mkunga: "Mie mashine?"

"Tena ya zamani," wifi akasema. "Vipuri vyake havipatikani."

Neema alianguka kwenye mto wa kuegemea akicheka. Mkunga alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, machozi yakimwendea kidevuni, na kila alipokaribia kutulia alijipiga kifua na kusema, "Mashine!" na kuanza upya.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa buibui. "Tia tena," akamwambia Neema. Nami akaniambia, "Na wewe, tumiminie kahawa, au Qurum imekusahaulisha?"

Wimbo ukaenda tena. Safari hii hakuna aliyeketi vizuri. Neema alikuwa amepiga magoti. Wifi alikuwa ameshika ukuta. Pete, viatu, mtandio. Mto. Fidla ikapanda, kigelegele kikatoka ukumbini mwake, kikavunjika, kikashika tena, na kabla hakijafika mwisho wa pumzi wifi alisimama, akaweka kiganja kinywani, akakipokea.

Sikujua kwamba bibi yule mnene, mwenye magoti mabovu, alikuwa na kifua kama hicho. Kilijaza sebule. Neema akakipokea kutoka kwake, kwa mtindo wa Tanga, mkali na wa haraka, nami nikaingia nikiwa sijui vizuri, nikatoa kitu kama kuku, hakuna aliyejali. Sahani ilikuwa imeshaisha, ikizungukazunguka bure chini ya sindano, na sisi bado. Kikatoka mlangoni. Na ng'ambo ya ukuta, nyumba ya jirani, mwanamke ambaye hakujua ni cha nini akakipokea, na wa nyumba ya pili yake naye, kama ada inavyotaka.

Tuliponyamaza, Mkunga alikuwa bado ameegemea spika, kichwa kimeinamia upande wa kushoto, upande wa sikio lililofunga duka.

"Nimekisikia," akasema.

"Enyi huko!" sauti ya jirani ikaja juu ya ukuta. "Kuna nini? Nani kaolewa?"

"Bibi harusi kavuka mto!" Mkunga akajibu kwa ukelele. "Njooni, kahawa bado moto!"

Nikasikia geti la jirani likifunguliwa. Mkunga aliokota finjani yake kutoka sakafuni, akainyoosha kwangu nimmiminie, na mkono wake ulikuwa umetulia tuli.